Mkanda wa kwadi: unavyovuta, unavyoungua, na namna ya kuubadilisha

Mikanda mingi ya raba, ile inayopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu, ninayoitoa kwenye kwadi (pikipiki za magurudumu manne) hapa Tanga imeungua kabla ya kuchakaa. Raba bado nene, meno yote yapo, lakini ubavu umekuwa mgumu na unang'aa, au kuna mahali pamoja pamelika pande zote mbili pakabaki pembamba. Mwenye chombo akiuona husema spea za siku hizi hazifai. Zisizofaa zipo, nami nimekutana nazo. Ila mkanda mzima wenye jeraha moja unasema jambo jingine: chombo kilikwama, magurudumu yakagoma kuzunguka, dereva akaendelea kuvuta mafuta, na puli ya mbele ikausugua mkanda uliosimama. Sekunde chache zinatosha kuumaliza, na kuagiza mwingine kunaweza kula wiki kadhaa.

Naamini dereva akijua mkanda unavyobanwa ataulinda mwenyewe, bila kupewa orodha ya makatazo. Kwa hiyo naanza na jinsi unavyofanya kazi, spana baadaye. Nawaandikia vijana wanaoendesha kwadi za hoteli za ufukweni kule Pangani na Ushongo, wasimamizi wa mashamba ya mkonge wanaozunguka nazo vitaluni, na mafundi wenzangu waliokulia kwenye pikipiki za cheni ambao wakifungua kifuniko cha kwadi hawaoni gia hata moja wanayoijua. Gereji yangu iko Ngamiani, nilianza na skuta, na skuta ndizo zilizonifundisha mkanda.

Je, yako ina mkanda?

Si kila kwadi inao. Honda nyingi za kazi zina gia za meno, za kukanyaga au za kubonyeza kitufe, kwa hiyo haya hayazihusu. Polaris, Can-Am, Yamaha Grizzly, Kawasaki Brute Force, Suzuki KingQuad na CFMoto ni za mkanda. Zile ndogo za Kichina za sisi (cc) 150 zenye injini ya GY6 nazo ni za mkanda, mfumo ule ule wa skuta, na spea nyingi zinaingiliana. Kwenye kwadi kubwa, angalia ubavuni mwa injini: utaona kifuniko kirefu, mara nyingi cha plastiki, kilichoungwa na mabomba mawili mapana. Moja linaingiza hewa, jingine linaitoa. Hewa hiyo haiendi kwenye injini hata kidogo. Kazi yake ni kuupoza mkanda tu, na ukubwa wa mabomba hayo ukuonyeshe jinsi watengenezaji wanavyoliogopa joto.

Wazo lenyewe ni la siku nyingi. Mholanzi Hub van Doorne alilitia kwenye gari dogo la DAF 600 mwaka 1958 na kuliita Variomatic. Polaris, waliokuwa wameshauzoea mkanda kwenye vyombo vyao vya theluji, waliuleta kwenye kwadi ya Trail Boss mwaka 1985. Kilichowavutia wote ni kwamba dereva habadilishi gia: anavuta mafuta, chombo kinajichagulia.

Sahani nne

Ukifungua kifuniko utakuta puli mbili. Ya mbele imekaa upande wa krenkishafti, inazungushwa na injini. Ya nyuma imekaa kwenye shafti inayoingia giaboksi. Kila puli ni sahani mbili zinazotazamana, nyuso zake zimelala mshazari, na katikati yake ndimo mkanda unamopita ukiwa umekatwa kwa mshazari huo huo. Katika kila puli sahani moja imefungwa isisogee, mwenzake inateleza kwenye shafti kuifuata au kuikimbia.

Sahani zikikaribiana, mkanda hupanda kwenda ukingoni. Zikiachana, huzama kuelekea shafti. Anayetaka kulielewa hili kwa vidole vyake achukue mbegu mbichi ya chungwa la Muheza aibane kati ya kidole gumba na cha shahada: itachomoka yenyewe kwenda nje. Mkanda hauwezi kuchomoka kwa sababu puli ya pili imeushika, basi unapanda tu. Na kwa kuwa urefu wake haubadiliki, ukipanda mbele lazima uzame nyuma.

Wakati wa kuondoka, sahani za mbele zimeachana na mkanda umezama. Nyuma, springi nene imezibana sahani na mkanda uko ukingoni. Mbele duara dogo, nyuma duara kubwa: kwa mashine nyingi injini inazunguka karibu mara tatu ndipo puli ya nyuma izunguke mara moja. Hapo mwendo ni mdogo na mvuto ni mkubwa. Kadiri unavyokimbia, mambo yanageuka kidogo kidogo, na ukifika mbio za mwisho puli ya nyuma inaweza kuzunguka haraka kuliko ya mbele. Kati ya ncha hizo mbili hakuna ngazi. Ndiyo maana huusikii mshtuko wa gia.

Nani anaisogeza sahani ya mbele? Uzito. Ndani ya puli hiyo kuna rola, GY6 zina sita, au kwenye Polaris na Can-Am kuna vyuma vyenye bawaba. Puli ikizunguka taratibu, uzito huo umetulia karibu na katikati. Mzunguko ukipanda, unatupwa nje, na njia yake ya kutokea imejengwa kwa mwinuko, kwa hiyo hauwezi kwenda nje bila kuisukuma sahani. Injini ikipungua, uzito unarudi na sahani zinaachana.

Puli ya nyuma ndiyo yenye akili zaidi, na mafundi wengi wanaidharau. Mbali na springi, sahani yake inayosogea ina mifereji ya mshazari inayopita kwenye pini au vitelezi. Chombo kikiwa tambarare, springi peke yake inatosha. Ukianza kupanda mlima, magurudumu yanakuwa mazito, mkanda unaivuta sahani ijizungushe kidogo, na kwa sababu ya mshazari wa mifereji sahani ikijizungusha inajibana. Mkanda unapanda tena nyuma, unazama mbele, na umerudishwa kwenye gia nzito bila mtu kugusa chochote. Kwa hiyo mbele panatii mwendo wa injini, nyuma panatii uzito wa kazi, na mkanda unakaa pale nguvu hizo mbili zinapolingana. Rola zikiwa nyepesi, injini lazima izunguke zaidi kabla ya mkanda kupanda, na chombo kinakuwa chepesi kuondoka. Zikiwa nzito, mkanda unapanda mapema, injini inatulia, lakini mchangani kinachoka. Kabla hujahangaika kubadilisha uzito wa rola, hakikisha zile zilizopo bado ni za mviringo. Nyingi zinazoletwa kwangu zimelika upande mmoja zikawa bapa, na hizo haziwezi kufuata njia yake hata zingekuwa na uzito sahihi.

Klachi iko wapi?

Swali hili linaamua ni kitu gani kitaungua ukikwama, kwa hiyo usiliruke.

Kwenye GY6, klachi iko nyuma, kavu, ina viatu vitatu vinavyotanuka na kushika bakuli la chuma. Mkanda wake unazunguka hata chombo kikiwa kimesimama. Ukikwama na kulazimisha, wa kwanza kuumia ni viatu, na bakuli hubadilika rangi likawa la bluu. Kwenye Yamaha Grizzly na baadhi ya CFMoto, klachi iko mbele ndani ya oili, kati ya krenkishafti na puli. Yenyewe inavumilia zaidi, na mkanda wake haulegei. Kwenye Polaris na Can-Am nyingi hakuna klachi nyingine: puli ya mbele yenyewe inauachia mkanda injini ikiwa taratibu na kuubana unapovuta mafuta. Kwa hiyo ukikwama na aina hii, kinachosuguliwa ni mkanda wenyewe, pale pale uliposimama. Lile jeraha jembamba nililolieleza mwanzo ndiko linakotoka.

Jambo jingine linatokana na hapo hapo. Kwa kuwa klachi hizi hazishiki injini ikiwa imezimwa, huwezi kuisukuma kwadi ya mkanda ikawaka. Betri ikifa, tafuta betri. Na ukiivuta kwa kamba, weka nyutro.

Mchangani

Ukanda wetu wa pwani ni kazi ngumu kuliko barabara yoyote. Mchanga mkavu wa juu, karibu na minazi, unashika magurudumu kila upande, mwendo ni mdogo, injini inapiga kelele, na hewa ya kupoza inayoingia ni ya moto tangu inapoingia. Kwadi zenye H (gia ya mbio) na L (gia ya mvuto) zinakupa dawa hapo hapo mkononi. L iko ndani ya giaboksi, baada ya mkanda. Ukiiweka, giaboksi inabeba sehemu kubwa ya mzigo na mkanda unapumua. Vijana wengi wanaiona L ni ya kuvutia matela tu. Mimi nasema hivi: kama utakwenda chini ya kilomita 10 au 12 kwa saa kwa muda, au unapanda, au umebeba watu wawili mchangani, weka L. Simama kabisa kwanza, achia mafuta, ndipo ubadilishe. Ukibadilisha chombo kikitembea utayakata meno ya giaboksi, na hilo ni duka jingine kabisa.

Subiri maji yakipwa. Mchanga ulioachwa na maji ni mgumu, na siku za bamvua maji yanarudi mbali sana ukapata uwanja mpana. Pita hapo. Ule wa juu uache kwa sababu ya pili pia, na naomba ichukuliwe kwa uzito: kasa wanataga pwani ya Pangani, na mashimo yao yako kwenye mchanga mkavu juu ya mstari wa maji kujaa. Gurudumu la kwadi likipita juu ya kiota linaushindilia mchanga, na vitoto vinashindwa kutoka.

Ukikwama, usibembeleze kwa mafuta. Vuta kidogo, kama haiondoki, achia. Shuka, chimba mbele ya magurudumu, punguza mzigo, tanguliza majani ya mnazi, weka L, kisha vuta mafuta kwa uthabiti ili sahani zibane mara moja. Hapo wengi wanakosea kwa kuogopa. Wanavuta nusu nusu, sahani zinagusa mkanda bila kuubana, na mguso huo wa katikati ndio wenye joto kuliko yote. Mkanda uliobanwa sawasawa hauungui. Ulioachiwa hauungui. Unaoteleza ndio unaoungua.

Ukimaliza kazi nzito, usizime papo hapo. Weka nyutro, uiache ingurume dakika moja au mbili. Puli ya mbele ina mapezi yanayopuliza hewa, na yakiendelea kuzunguka joto linatoka kifunikoni. Ukizima, joto lote linabaki kuuchoma mkanda uliomo ndani.

Maji na milima

Mkanda ukilowa hauharibiki siku hiyo hiyo, unateleza. Wakati wa masika, au ukivuka kijito chini ya milima ya Amani, kwadi inaweza kutoa sauti kubwa na isisogee. Tafuta kizibo chini kabisa ya kifuniko cha mkanda, kifungue, maji yatoke, kirudishe. Kisha weka nyutro au P (ya kuegesha) na upige resi taratibu mara kadhaa, ule upepo wa mapezi utaukausha. Jaribu kwa L, polepole. Kama bado unateleza, rudia. Usiulazimishe ukiwa umelowa, kwa maana utakausha upande mmoja kwa moto na mwingine ubaki na maji.

Maji ya bahari ni habari nyingine. Hayo yakiingia, kukausha hakutoshi. Chumvi inabaki kwenye nyuso za sahani, kesho yake kuna kutu, na kutu ina vipele vinavyoula mkanda kila unapopanda na kushuka. Fungua kifuniko siku hiyo hiyo, osha kwa maji baridi ya bomba, futa, pukuta beringi ya nyuma kwa upepo, kausha. Kwa hoteli zinazoendesha ufukweni kila siku ninashauri kifuniko kifunguliwe kila mwezi hata kama hakuna ubovu.

Na kwenye mteremko, tahadhari. Kwadi nyingi ndogo za mkanda, ukiachia mafuta kabisa, mzunguko unashuka, klachi inaachia, na chombo kinateremka huru bila injini kukizuia. Yamaha Grizzly na baadhi ya Polaris zina beringi ya upande mmoja inayoifanya injini iendelee kukamata. Za GY6 hazina. Kabla ya kuteremka kutoka Amani kuelekea Muheza, jua yako ni ya aina gani. Kama haina, weka L kama ipo, teremka taratibu toka mwanzo, na tumia breki zote mbili kwa vipindi zisipate moto.

Kusikiliza ugonjwa

Juzi kijana mmoja alinipigia simu kutoka Ushongo.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mwanangu. Inasemaje?"

"Inalia sana lakini haikimbii. Jana ilikuwa inafika mbio zake vizuri."

"Inaondoka kwa kushtuka, au taratibu?"

"Inashtuka, fundi. Halafu inagonga gonga mwendo ukiwa mdogo. Tuk, tuk, tuk."

"Harufu ya raba umeisikia?"

"Jana jioni, tulipokwama."

Sikuhitaji kuiona. Mlio wa kugonga unaofuata mzunguko wa mkanda, ukiwa taratibu unasikika mmoja mmoja na ukikimbia unaungana, ni lile jeraha linapita kwenye puli. Nilimwambia asiiendeshe tena, kwa sababu mkanda wa hivyo ukikatika nyuzi zake zinajisokota kwenye shafti na kuichana sili ya giaboksi. Nyuzi hizo si pamba. Mikanda mingi ya kwadi ina nyuzi ngumu za aramidi, na kuzitoa zilipojisokota ni kazi ya kisu na subira.

Dalili nyingine hazina haraka hivyo. Mbio za mwisho zikipungua kidogo kidogo kwa miezi, mkanda umekonda: sahani za mbele zinafika mwisho wa kukutana kabla mkanda haujafika ukingoni. Mkanda uliokonda unachelewa kushika pia, ndiyo maana chombo kinaondoka kwa kuruka. Kama kinatetemeka kwenye mwendo fulani tu, angalia rola bapa na vile vitelezi vitatu vya plastiki vinavyolishika bamba la nyuma ya rola. Kama kinapanda mlima kivivu ilhali tambarare ni kizuri, springi ya nyuma imechoka au mifereji yake imekauka na kutu. Mlio mkali wa kusaga ukiwa nyutro mara nyingi ni beringi.

Kuubadilisha

Nitaeleza kwa GY6, kwa sababu ndiyo wengi mtakayoishika wenyewe. Kwenye kwadi kubwa mara nyingi huhitaji kuifungua puli: kuna bolti au kifaa maalumu cha kutanua sahani za nyuma, mkanda unalegea na kutoka. Tumia kitabu cha chombo chako.

Nunua mkanda sahihi kwanza. Namba imechapishwa mgongoni. GY6 ya sisi 150 yenye kesi (nyumba ya mkanda) ndefu mara nyingi inataka 842-20-30: urefu milimita 842, upana milimita 20, mshazari digrii 30. Ya kesi fupi inataka 743-20-30. Usikubali muuza duka akwambie "huu unaingia" kwa kuutazama kwa macho. Mkanda mfupi au mrefu kwa milimita kumi unaingia vizuri tu, kisha chombo kinakosa ama mvuto ama mbio. Rola za injini hiyo huwa milimita 18 kwa 14. Zinunue seti nzima, zote za uzito mmoja.

Acha chombo kipoe. Toa kiki kama ipo juu ya kifuniko, fungua bolti zote za kifuniko, na uzipange kwenye kipande cha boksi ulichochora umbo la kifuniko, kila bolti kwenye tundu lake, kwa kuwa urefu wake unatofautiana. Puliza vumbi jeusi, lakini ziba pua, hilo ni vumbi la raba na viatu. Fungua nati ya puli ya mbele ukiishikilia sahani kwa kifaa cha kushikia. Usiishikilie kwa bisibisi iliyochomekwa kwenye mapezi. Pezi likivunjika, upoaji umepungua na puli imepoteza mizani. Toa sahani ya nje, toa mkanda.

Kagua kabla ya kufunga. Pima upana wa mkanda wa zamani. Kitabu kina kikomo chake. Ukikosa kitabu, mimi wa milimita 20 ukishapungua milimita moja na nusu siurudishi. Uukunje kinyume utazame mizizi ya meno: nyufa ndogo zikionekana, mwisho wake umefika. Pitisha kucha kwenye nyuso za sahani. Ikikwama kwenye ngazi au mfereji, sahani inabadilishwa. Kama ni mng'ao tu, sugua taratibu kwa kitambaa cha kusugulia sufuria kufuata duara, kisha futa kwa kisafisha breki. Petroli usitumie, inaacha mafuta. Na rola za GY6 zinakaa kavu. Najua mkono unatamani kupaka grisi, lakini grisi inayeyuka, inatupwa kwenye mkanda, na mkanda wenye grisi hauna dawa.

Sasa sehemu inayoharibu krenkishafti za watu. Ukiuvisha mkanda mpya nyuma bila kuuzamisha, unakuwa umetanda hadi mbele na kukaa katikati ya sahani. Ukifunga nati hapo, inakaza vizuri kabisa, spana inakuambia imefika, kumbe sahani imeubana mkanda na haijafika kwenye bega lake, pale inapotakiwa kugota. Injini ikizunguka, mkanda unashuka, nafasi inabaki, sahani inacheza kwenye meno ya shafti hadi inayala yote. Kuizuia ni rahisi. Tanua sahani za nyuma kwa mikono miwili, uzamishe mkanda chini kabisa kule nyuma, uufunge kwa kamba kidogo usirudi. Mbele mkanda utakuwa umelegea hadi unaning'inia. Weka sahani ya nje, hakikisha meno yake yameingia kwenye meno ya shafti, zungusha nati kwa vidole mpaka igote. Sahani iguse bega, mkanda uwe bado unacheza. Ndipo ukaze kwa spana ya kupimia, kwa kipimo cha kitabu. Spana ya upepo ni ya kufungulia. Kukaza nayo kunakata nyuzi za shafti.

Maandishi ya mkanda yasomeke ukiwa umesimama ubavuni, na kama kuna mshale uelekee upande wa mzunguko. Mkanda wa zamani ukirudishwa, urudi upande ule ule uliozoea. Toa kamba, zungusha puli kwa mkono mpaka mkanda upande mahali pake nyuma, shika mkanda usiache alama za vidole vyenye mafuta ubavuni. Funga kifuniko, hakikisha gesketi imekaa na mabomba ya hewa yamebanwa. Kama bomba la kuingiza lina sponji, ioshe. Kwenye mashamba ya mkonge nazikuta zimeziba kabisa kwa vumbi na nyuzi.

Mkanda mpya hauwi tayari siku ya kwanza. Kwa kilomita 50 za mwanzo endesha taratibu, badilisha mwendo mara kwa mara, usivute mafuta hadi mwisho, usibebe mzigo mzito, usiingie mchanga wa juu. Nyuso za raba zinahitaji kujilaza kwenye mshazari wa sahani zako, na huo unatofautiana kidogo kwa kila puli iliyokwisha kutumika. Wenye hoteli wananiuliza kama wanaweza kuipeleka kwa wageni siku hiyo hiyo. Wapelekee, lakini apande dereva wako, sio mgeni, na apite barabara ya lami.

Na kila kwadi inayotoka mbali na mji ibebe mkanda wa akiba chini ya kiti, kwenye duara lake bila kukunjwa wala kufungwa kwa waya, mbali na eksozi, pamoja na soketi ya nati ya puli na kile kifaa cha kushikia. Mkanda bila soketi yake hautakusaidia kitu ukiwa ng'ambo ya Mto Pangani na kivuko kimeshafunga.